Kadi yangu ilizuiwa nikiwa Bukoba: je, kitengo cha udanganyifu cha benki kina wajibu wa kunieleza sababu?

#1 MamaNyavu

Wakuu, salaam.

Mimi ni mfanyabiashara wa nyavu, maboya na vipuri vya injini za boti hapa Kirumba, Mwanza, jirani na Mwaloni. Jumatano usiku nilinunua vipuri kwa kadi ya benki kupitia intaneti kwa muuzaji aliyeko Dubai, na malipo ya shilingi 640,000 yalipita bila tatizo. Alhamisi nilipanda meli ya usiku kwenda Bukoba kufuatilia madeni ya wateja wangu. Ijumaa asubuhi niliposhuka nilikwenda moja kwa moja kwenye ATM, kwa kuwa mfukoni nilikuwa na shilingi 9,000 tu. Mashine ilinirudishia kadi ikisema muamala umekataliwa, na baada ya muda mfupi ukaingia ujumbe kwamba kadi yangu imezuiwa kwa usalama wangu, nipige simu huduma kwa wateja.

Nilipiga. Nilisubiri dakika 22, salio la simu likaisha, nikanunua jingine kutoka katika zile 9,000. Ofisa wa kitengo cha udanganyifu aliniuliza jina la mama, namba ya NIDA na miamala yangu ya karibuni. Kisha akauliza kama Jumatano saa mbili na dakika arobaini usiku nililipa kampuni fulani, ambayo jina lake sijawahi kulisikia. Nikajibu kwa ukweli kabisa kwamba saa hiyo nilikuwa kwenye mazoezi ya kwaya na sikumlipa mtu yeyote. Nilipouliza ni kiasi gani, alisema kwamba yeye ndiye anayeuliza. Kisha akaniambia kadi imefungwa moja kwa moja, niende tawi nilikofungulia akaunti, na kwamba sababu za kitengo hazitolewi kwa mteja.

Mteja wangu mmoja wa Bukoba alinihifadhi na kunikopesha shilingi 50,000 za kurudi nyumbani. Kilichoniuma kuliko hasara ya safari ni kwamba fedha ni zangu, aliyetaka kuibiwa ni mimi, lakini nilihojiwa kama mimi ndiye mwizi. Je, kadi yangu ilizuiwa kwa sababu gani hasa? Na je, benki ina wajibu wa kuniambia?

#2 UpepoWaCapriPoint

Pole sana, dada. Kabla hatujaenda mbali, tueleze ile namba uliyopiga uliipata wapi. Ilikuwa ndani ya ujumbe au uliisoma nyuma ya kadi? Tofauti yake ni kubwa.

#3 MamaNyavu

Asante, mkuu. Niliisoma nyuma ya kadi. Ujumbe wenyewe haukuwa na namba yoyote.

#4 KijanaWaIgoma

Kwangu mimi jambo hili liko wazi. Mfumo uliiona kadi ikilipa Dubai Jumatano, halafu Ijumaa asubuhi ikajitokeza Bukoba. Kompyuta haijui kwamba ulinunua ukiwa umekaa kitandani Kirumba, kwayo kadi imesafiri kutoka Uarabuni hadi Kagera. Kadi inayoonekana sehemu mbili zilizo mbali kwa muda usiolingana na safari ya kawaida huzuiwa papo hapo. Ungewaarifu benki kwamba unasafiri, yasingekukuta haya.

#5 MkereweHalisi

Ndugu yangu wa Igoma, hapo siungi mkono. Mimi nafanya biashara kati ya Nansio, Mwanza, Musoma na Bukoba, na kuna wiki natoa fedha katika miji yote minne. Sijawahi kuaga benki, na kadi yangu haijawahi kukataa ila siku mtandao ulipokatika. Kama kuvuka maji kungekuwa kosa, sisi watu wa kisiwani tusingekuwa na kadi hata moja inayofanya kazi.

#6 NilikaaDirishani

Habari zenu. Nilifanya kazi benki kwa miaka 11, na katika miaka hiyo nilikaa karibu na watu wa kitengo hicho, kwa hiyo naomba nieleze kinavyofanya kazi, maana nyote wawili mna sehemu ya ukweli.

Mfumo hauangalii jambo moja. Kila muamala unapofika, kompyuta huulinganisha na mazoea ya mwenye kadi: huwa anatumia kiasi gani, saa ngapi, nchi gani, kwa wafanyabiashara wa aina gani, na miamala mingapi ndani ya muda mfupi. Kisha huupa alama ya mashaka. Mfumo mashuhuri wa aina hii, Falcon wa kampuni ya HNC Software ya Marekani, ulianza mwaka 1992, na alama zake hufika hadi 999. Kila benki hujiwekea mpaka wake, na alama ikivuka mpaka huo kadi huzuiwa kwanza, kisha mtu huulizwa baadaye. Ndiyo maana MkereweHalisi hazuiwi: kuzunguka ziwa ndiyo mazoea yake, na kompyuta imeshayajua. MamaNyavu, ambaye nadhani kwa kawaida hutoa fedha Kirumba mchana, amenunua kitu nje ya nchi usiku kwa kiasi kikubwa. Kwa mfumo huyo ni mtu mpya.

Sababu haitolewi kwa mambo mawili. La kwanza, anayepokea simu mara nyingi haoni sababu yote, anaona alama na orodha ya maswali. La pili, mwizi naye hupiga simu akijifanya mteja, na akielezwa ni kipi kilichomponza, kesho hatakirudia. Simtetei ofisa kwa namna alivyozungumza na mteja. Hilo ni kosa, na hakuna mfumo unaomlazimisha mtu kuwa mkali.

#7 DagaaWaKukaanga

Mimi nauza samaki hapo hapo Mwaloni, na nina maelezo mengine ambayo sijayaona hapo juu. Kadi zetu hukaa kwenye mifuko yenye unyevu, chumvi na magamba ya samaki. Chipu ikichafuka, mashine hushindwa kuisoma, na baadhi ya mashine hukubali kusoma ule ukanda mweusi wa sumaku ulio nyuma. Ukanda huo ndio wezi huunakili kirahisi, kwa hiyo benki inapoona kadi yenye chipu inasomwa kwa ukanda, hushtuka. Mwaka jana yangu ilizuiwa mara mbili, hadi mhudumu mmoja wa tawini alipoifuta chipu kwa kitambaa mbele ya macho yangu na kunishauri niiweke kwenye kifuko cha plastiki. Tangu siku hiyo haijanisumbua. Mama, hebu itazame chipu yako.

#8 MamaNyavu

Nimeitazama, inang'aa. Hata hivyo nimefanya jambo ambalo nilipaswa kulifanya mapema: nimesoma ujumbe wote wa benki wa wiki nzima iliyopita. Jumanne, siku moja kabla ya kununua vipuri, yalipita malipo ya shilingi 2,300 kwa jina la kampuni ambalo silitambui, na si lile alilotaja ofisa. Sikuyaona kwa sababu siku hiyo wateja walikuwa wengi na kiasi chenyewe ni kidogo.

#9 UpepoWaCapriPoint

Basi hapo ndipo penye jibu. Wezi wanapopata namba za kadi huzijaribu kwanza kwa kiasi kidogo ambacho mwenyewe hatakiona. Kikipita, wanajua kadi ni hai, ndipo hurudi kwa kiasi kikubwa. Naamini benki iliuona mtego huo na kukuokoa.

#10 NilikaaDirishani

Inawezekana, lakini tusiharakishe. Kiasi kidogo kama hicho kinaweza pia kuwa ada ya programu iliyo kwenye simu, ambayo mwenye kadi, au mtoto wake, aliijaza namba za kadi miezi mingi iliyopita. Halafu jina linaloonekana kwenye taarifa ya akaunti mara nyingi si jina la duka unalolijua, ni jina la kampuni inayokusanya malipo kwa niaba ya duka. Kwa hiyo namuuliza dada: una uhakika gani kwamba kampuni aliyoitaja ofisa si yule yule muuzaji wako wa Dubai?

#11 MzeeWaBwiru

Ninyi mnatafuta wezi Dubai, wakati mwizi anaweza kuwa ndani. Namba ya kadi yangu, ambayo sikuwahi kuitumia kwenye intaneti hata siku moja, ilijaribiwa kununua vitu katika nchi nisiyoijua. Kadi ilikuwa kabatini. Nani mwingine aliyekuwa na namba hiyo, kama si watu wa benki wenyewe?

#12 FunguoZaMabatini

Mzee wangu, shikamoo. Sikatai kwamba watumishi wasio waaminifu wapo, lakini mimi ni fundi wa mashine za malipo, na napenda kukueleza kwamba namba ya kadi inaweza kupatikana bila mtu yeyote kuitoa. Tarakimu za mwanzo, sita au nane, hutambulisha benki, kwa hiyo hufanana kwa kadi zote za aina hiyo. Tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zilizotangulia kwa kanuni ya Hans Peter Luhn, aliyekuwa mtumishi wa IBM, ambaye alipewa hataza, yaani hati ya kumiliki ubunifu huo, mwaka 1960. Wezi huziachia kompyuta zao zijaze tarakimu za katikati, na kuzijaribu kwa maelfu kwenye maduka ya intaneti yenye ulinzi dhaifu. Kadi iliyokaa kabatini huguswa sawa na ile inayotumika kila siku.

#13 MzeeWaBwiru

Marahaba, mwanangu. Umenieleza vizuri, lakini hujaniondolea shaka yangu.

#14 MwalimuWaButimba

Nimesoma mnavyojadili, na kuna neno moja ambalo wengi mmelipita: saa.

Miaka miwili iliyopita benki yangu ilinipigia kuniuliza kama nilitoa fedha saa mbili usiku. Nilijibu kwamba saa mbili usiku nilikuwa nikisahihisha mitihani nyumbani. Kumbe kijana yule alikuwa akisoma kwenye skrini saa 02:00, yaani saa nane usiku kwa hesabu yetu, na hakuigeuza kabla ya kusema. Kwa bahati nzuri saa nane usiku nilikuwa nimelala, kwa hiyo jibu langu lilikuwa sahihi, ingawa swali halikuwa sahihi. Kama kweli ningekuwa nimetoa fedha saa nane usiku ili nikanunue dawa, ningekana muamala wangu mwenyewe.

Naomba dada yetu atueleze malipo ya vipuri aliyafanya saa ngapi hasa.

#15 MamaNyavu

Mwalimu, ujumbe wa malipo ninao hapa. Uliingia saa tano na dakika arobaini usiku. Baada ya mazoezi ya kwaya nilirudi nyumbani, nikala, nikawalaza watoto, ndipo nikakaa kununua. Ofisa yeye alisema saa mbili na dakika arobaini usiku. Hata ukigeuza kwa namna uliyoeleza, hesabu haikubali.

#16 FunguoZaMabatini

Inakubali, dada, tena inakubali kabisa. Tazama dakika: ni arobaini kwa arobaini. Mifumo mingi ya kadi hutunza kumbukumbu kwa saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Saa tano na dakika arobaini usiku hapa Mwanza ni 23:40, na kwa Greenwich ni 20:40. Ofisa akaisoma 20:40 kwa Kiswahili sanifu: saa mbili na dakika arobaini usiku. Muamala aliokuuliza ni wa vipuri vyako.

#17 MamaNyavu

Nimekaa kimya nusu saa baada ya kusoma hapo. Ina maana nimekana ununuzi wangu mwenyewe.

Nilipompigia muuzaji leo asubuhi kuuliza mzigo uko wapi, aliniambia ameusimamisha kwa sababu malipo yana utata. Nilidhani ananizungusha, na nilimjibu kwa maneno ambayo sasa nayajutia.

#18 NilikaaDirishani

Dada, hapo pana jambo la haraka kuliko mjadala wetu wote. Mteja akikana muamala, ofisa hana hiari: kizuizi cha muda hugeuka kuwa kufungwa kwa kudumu, kadi mpya huagizwa, na dai la kurudishiwa fedha linaweza kufunguliwa dhidi ya muuzaji. Nenda tawini kesho asubuhi, uandike barua kwamba muamala wa shilingi 640,000 wa Jumatano saa 5:40 usiku ni wako, na ambatisha risiti ya muuzaji. Ile 2,300 ya Jumanne iandikie barua tofauti ukisema huitambui. Usizichanganye, maana anayezishughulikia anaweza kufuta zote au kuzikubali zote. Kwa utaratibu wa Visa na Mastercard, madai mengi ya aina hii yana ukomo wa siku 120, kwa hiyo kwa ile ndogo muda unao, lakini mzigo wako hausubiri siku 120.

Hata hivyo nieleweke vizuri: suala la saa linaeleza kwa nini hawakufungua. Halielezi kwa nini walizuia, kwa sababu kadi ilikuwa imeshazuiwa kabla hujapiga simu.

#19 WakalaWaMabatini

Salaam kwenu. Mimi ni wakala wa benki na wa mitandao ya simu, na ninaogopa kwamba uzi huu utasomwa na watu watakaodhani kila anayepiga akijitambulisha kuwa wa kitengo cha udanganyifu ni mtu wa kweli. Shangazi yangu wa Sengerema alipigiwa na mtu mwenye sauti ya upole na adabu nyingi, kuliko huyo ofisa wa MamaNyavu. Alimwambia kadi yake inatumiwa na mwizi muda huo huo, na ili aizuie anahitaji namba ya uthibitisho itakayoingia kwenye simu yake. Shangazi aliisoma namba ile neno kwa neno. Ndani ya dakika nne zilitoka shilingi 450,000, ambazo zilikuwa za pembejeo.

Namba ile ya uthibitisho ni ruhusa ya kutoa fedha, na hakuna kitengo cha kweli kinachoihitaji ili kuzuia kadi, wala kinachohitaji namba ya siri au zile tarakimu tatu za nyuma ya kadi. Ukipigiwa, kata simu, soma namba iliyo nyuma ya kadi, na upige mwenyewe, hata kama utasubiri hizo dakika 22. Ujumbe wa kitapeli na namba iliyoutuma vitume kwenda 15040. Pia piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Mimi huwafanyia wateja wangu jambo hilo bure, na zaidi ya mara moja tumekuta laini ambayo mwenyewe haijui.

Siku ile nilikwenda Sengerema haraka, na nilikaa Kigongo nikingoja kivuko huku shangazi akilia kwenye simu.

#20 MkereweHalisi

Mwambie shangazi pole nyingi. Na sasa huna haja ya kungoja kivuko, tangu daraja lilipofunguliwa Juni 2025 unafika Busisi kabla hajamaliza kulia. Sisi wa Nansio ndio tuliobaki na maji yetu.

#21 KijanaWaIgoma

Hilo la daraja limenipa wazo. Kama kompyuta ya benki ilizoea kwamba kutoka mashine za Mwanza hadi za Sengerema huchukua saa kadhaa za foleni ya kivuko, basi sasa mtu akivuka zile kilomita tatu kwa dakika chache ataonekana kama yuko sehemu mbili kwa wakati mmoja. Naona maelezo yangu ya namba 4 bado yana nguvu.

#22 NilikaaDirishani

Kijana, mfumo haujui kivuko wala daraja. Unajua saa, mahali na mazoea, na umbali wa Mwanza na Sengerema ni mdogo mno kuushtua. Lakini nakusifu kwa kutokata tamaa.

#23 SheriaKwaWote_Mza

Naomba nijibu swali la pili la MamaNyavu, ambalo tumeliacha nyuma.

Kwanza, zipo Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 zinazomlinda mtumiaji wa huduma za fedha. Malalamiko hupelekwa kwanza kwenye benki yenyewe, nayo inatakiwa kuwa na utaratibu wa kuyapokea na kuyajibu. Usiporidhika, au ukinyamaziwa, unakwenda Benki Kuu, ambayo ina dawati la malalamiko, na hapa Mwanza ina tawi. Kwa hiyo andika, usiishie kwenye simu. Nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa na iandikwe tarehe, maana bila muhuri huo utaambiwa hukuleta kitu.

Pili, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kujua taarifa zake zinachakatwaje, na inagusa pia maamuzi yanayofanywa na mashine peke yake bila mtu kuyapitia. Kadi iliyozuiwa na alama ya kompyuta, kwa maoni yangu, iko karibu sana na jambo hilo.

Tatu, upo ukomo. Kwa sheria ya kuzuia utakasishaji wa fedha haramu ya mwaka 2006, benki ikitoa taarifa ya muamala wa mashaka hairuhusiwi kumdokezea mhusika. Kwa hiyo kuna ukimya unaotokana na sheria, na kuna ukimya wa uvivu, na aliye nje ya kaunta hawezi kuutofautisha. Ndiyo sababu swali lako, dada, halina jibu la ndiyo au hapana.

#24 MzeeWaBwiru

Basi benki inaweza kujificha nyuma ya hiyo sheria ya tatu siku zote.

#25 SheriaKwaWote_Mza

Inaweza kujaribu, mzee. Lakini kizuizi cha kadi kwa kuhofia wizi dhidi ya mteja si sawa na taarifa dhidi ya mteja, na barua nzuri huilazimisha benki iseme ni lipi kati ya hayo mawili.

#26 WakalaWaMabatini

Jambo moja la kusahihisha kabla halijatuponyoka. Kadi kuzuiwa si akaunti kuzuiwa. Kwa benki nyingi, hata kadi ikifungwa, mteja anaweza kutoa fedha dirishani katika tawi lolote akiwa na kitambulisho, au kwa wakala kupitia simu. Mama, kule Bukoba ungeweza kupata fedha zako bila kukopa.

#27 MamaNyavu

Nilijaribu, kaka. Huduma ya benki kwa simu ilikataa pia, na tawi la Bukoba lilinirudisha kwa maneno yale yale: nenda ulikofungulia.

#28 MwalimuWaButimba

Kama na simu ilikataa, basi huenda tatizo halikuwa la kadi peke yake. Wengi wamefungiwa huduma zote kwa kutohuisha taarifa zao, au kwa sababu jina la benki halifanani na la NIDA. Kwa majina yetu ya Kisukuma hilo ni la kawaida sana: huku ameandika 'bh', kule 'b' peke yake, na kompyuta inawaona watu wawili.

#29 MamaNyavu

Wakuu, nimerudi kutoka tawini, na ninawashukuru wote. Nilifika saa mbili na nusu asubuhi, kwa saa yetu, nikiwa na barua mbili kama nilivyoelekezwa, na zote zimegongwa muhuri. Kadi mpya nitaipata baada ya siku saba za kazi. Muuzaji wa Dubai nimemwomba radhi, naye amekubali kuutoa mzigo akipokea uthibitisho wa benki.

Kuhusu sababu, nimepewa tatu. Mhudumu wa dirishani alisema taarifa zangu hazijahuishwa, na ni kweli, Mwalimu, jina langu la ukoo lina 'bh' NIDA na 'b' benki. Msimamizi wake alisema tatizo ni ile 2,300, kwamba kadi nyingi za aina yangu zilijaribiwa siku hiyo hiyo. Meneja, ambaye nakiri alinipokea kwa heshima na kunipa kiti, alipiga simu makao makuu mbele yangu, akajibiwa kwamba ni ule ununuzi wa Dubai.

Niliomba maandishi. Karatasi niliyopewa ina mstari mmoja tu: kadi ilizuiwa Jumatano saa 21:05.

#30 KijanaWaIgoma

Saa 21:05 ni saa tatu na dakika tano usiku, kabla hujanunua vipuri. Kadi iliyozuiwa ingewezaje kulipa 640,000 saa mbili na nusu baadaye?

#31 FunguoZaMabatini

Isingeweza. Ila kama 21:05 hiyo nayo ni ya Greenwich, basi ni saa sita na dakika tano usiku kwa hapa, dakika 25 tu baada ya ununuzi. Hapo meneja ana haki, na Bukoba haihusiki kabisa.

#32 NilikaaDirishani

Na kama ni hivyo, kadi ilikuwa imekufa tangu usiku ule, na dada alitembea nayo Alhamisi nzima na kupanda nayo meli bila kuambiwa. Ujumbe ulikuja tu baada ya ATM ya Bukoba kuigusa. Hilo halielezwi na sababu yoyote kati ya zile tatu, na hata mimi, kwa miaka yangu yote, siwezi kulieleza.

#33 MzeeWaBwiru

Ninaweza kulieleza mimi, lakini mtasema narudia yale yale.

#34 MamaNyavu

Jumatatu narudi tawini na barua ya tatu, yenye maswali mawili tu: saa hiyo ni ya wapi, na kwa nini ujumbe haukutumwa usiku ule ule. Nitawaandikia hapa watakachojibu.